Taleri ya Tarehe Kumi na Tisa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka mliponiacha: karakana ya sarafu ya Hollersrode, chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje, na mimi, Veit Ansorge, mchongaji, nimeshika nyundo huku kengele ya kanisa kuu ikianza kulia.

Mliochelewa nitawasogeza kwa ufupi, maana jambo lenyewe hata kulisimulia linanitoa jasho.

Mtawala wetu mzee, Ernst Ludolf, alikuwa anaumwa kifua. Kwetu mtawala akifa hupigwa taleri za msiba, sarafu nzito za fedha, sura yake upande mmoja na upande wa pili siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Hugawiwa waliokuja kumuaga. Safari hii Melchior Drude, mkuu wa karakana, aliambiwa na mtu ambaye hakunitajia jina kwamba sarafu ziwe tayari mapema. Mapema maana yake mzee akiwa bado anapumua.

Na sheria yetu haina utani. Mkono unaochonga kifo cha mtawala aliye hai umemwombea kifo, na hukatwa kwenye kiwiko sokoni, watu wanatazama. Mimi nina mkono mmoja tu wa maana, huu wa kulia. Ndio unaolisha nyumba yangu, na ndio niliouchezea kamari.

Nilikubali kwa nini? Nilishafukuzwa miji miwili kwa sababu ya mdomo wangu, na sikutaka wa tatu. Basi Drude akanifungia wiki tatu. Mke wangu, Sibylla, nilimdanganya kwamba kuna kazi ya haraka ya mihuri ya madini ya risasi, ile wanayotundika wauza vitambaa kwenye majora yao. Alikuwa akileta kikapu cha chakula langoni, bawabu anakipokea na kumwambia nimefungiwa na kazi, yeye anarudi zake. Sikuonana naye. Sikuonana na mtu yeyote, wala sikutia mguu kanisani Jumapili tatu mfululizo.

Sasa turudi kwenye kengele.

Drude aliingia bila hodi, wigi limemkaa upande.

"Amekwenda!"

"Nani?"

"Nani tena, Veit? Mzee! Alfajiri hii hii. Tia tarehe, upesi!"

Muhuri wa chuma wa kupigia upande wa maandishi ulikuwa mezani, umekamilika kila kitu isipokuwa siku ya kufa. Nilikuwa nimeacha pengo dogo katikati ya maandishi, upana wa kucha. Siku tisa nililitazama pengo lile, nalo linanitazama, mpaka nikaanza kuliota.

Nikapiga hesabu ya haraka. Jana ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na nane Februari, mwaka 1700. Leo Jumatatu. Kuna haja ya kwenda shule kujua inayofuata?

Nikashika chapa za herufi, nikagonga kinyumenyume, ili kwenye fedha isomeke sawasawa: XIX FEBR. Kisha nikakitia chuma motoni, kikawa chekundu, nikakitosa majini kikalia chwaa. Chuma kikishakuwa kigumu namna ile hukiongezi wala hukipunguzi kitu.

"Tayari?" Drude aliuliza, anazunguka chumba kizima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Tayari."

Akauinamia muhuri. Nikangoja akague maandishi. Lakini alichukua ule mwingine, wa sura.

"Pua," akasema.

"Pua ina nini?"

"Mrithi alisema pua ya mjomba wake isiwe kubwa mno."

"Lakini pua yenyewe ilikuwa kubwa."

"Veit, marehemu hana pua kubwa."

Kisha akajishika mdomo. Ndipo nikajua aliyetuagiza alikuwa nani. Alikuwa Leberecht, mtoto wa dada wa mzee, aliyekuwa anasubiri kiti.

"Sijasikia kitu," nikamwambia.

"Kweli hujasikia," akajibu, na kijasho kinamtiririka chini ya wigi.

Siku tatu tulikuwa kwenye mtambo wa kubania, vijisahani vya fedha vinaingia vitupu na kutoka na uso wa mzee. Vibarua wanne waliouzungusha hawakujua kusoma hata jina lao, achilia mbali Kilatini. Drude akatangaza mjini kote kwamba ana fundi wa ajabu, kachonga taleri ya msiba kwa siku tatu. Watu wakaamini. Alhamisi asubuhi sarafu zikapelekwa ikulu kwenye vifuko vyeusi, na mimi nikafunguliwa mlango.

"Nenda kwako ukalale," Drude alisema. "Umesahau kila kitu, sivyo?"

"Kitu gani?"

Akacheka, akanipiga begani. Nilitembea mpaka nyumbani nikiamini nimeponea chupuchupu.

Sibylla alikuwa jikoni, anakoroga nguo kwenye sufuria la rangi nyeusi, maana amri ilikuwa kila nyumba ivae msiba. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Aliponiona aliacha mti ndani ya sufuria, akanikumbatia bila kunigusa kwa viganja.

"Umekonda."

"Na wewe umekuwa mweusi."

"Hii haitoki mpaka Pasaka. Na hiyo Pasaka yenyewe sijui itaangukia lini, jinsi walivyotuvuruga." Akanimiminia supu ya bia, akanikatia mkate. "Kwa hiyo uliacha mihuri ya vitambaa ukachonga taleri?"

"Ndiyo."

"Kwa siku tatu?"

"Siku tatu."

"Mume wangu!" Macho yalimjaa furaha, na mimi nikazama kwenye bakuli ili nisiyaone. "Basi mjini kuna vituko. Jirani yetu Kunigunde jana kalia kama mtoto. Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe ishirini na tano Februari, na mwaka huu hana."

"Hana vipi? Jumapili hii si ndiyo tarehe ishirini na tano?"

Sibylla akacheka. Alipoona sicheki naye, akaacha.

"Veit, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ya mwezi gani?"

"Maswali gani haya? Februari."

"Leo tarehe nne Machi."

Nilidhani ananitania. Sibylla ni mtani, anaweza kukuambia nyumba inaungua akiwa anakata kitunguu. Lakini safari hii alikuwa ananitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgonjwa.

"Februari iliisha Jumapili," akasema taratibu.

"Februari haiishi tarehe kumi na nane!"

"Mwaka huu imeisha. Siku kumi na moja zimefutwa, ili tulingane na wenzetu wa nchi nyingine. Watu wamelala tarehe kumi na nane Februari, wakaamka tarehe mosi Machi. Mchungaji Quensel ameisoma amri mimbarini Jumapili tatu mfululizo, mpaka watoto wanaijua kwa ghibu. Kwani huko ndani hawakukwambieni?"

Hawakuniambia. Nani angeniambia? Na siku za juma hazikuguswa. Jumatatu ilibaki Jumatatu na Alhamisi ikabaki Alhamisi, ndiyo maana sikushtuka hata kidogo.

"Amri ya nani?"

"Mrithi ndiye aliyetia sahihi. Mzee alikataa katakata. Alisema hiyo kalenda ni ya Papa wa Roma, na yeye mtu wa Luther hafi kwa tarehe za Papa. Walisubiri azidiwe, wakaipitisha juu ya kichwa chake."

Niliweka bakuli chini, supu haijafika nusu.

"Una nini, Veit?"

"Taleri. Nimeandika kumi na tisa."

"Kumi na tisa ya wapi?"

"Februari, Sibylla! Nimeandika mzee kafa tarehe kumi na tisa Februari!"

Kwanza alicheka, akajifunika mdomo akasahau rangi, akabaki na masharubu meusi. "Umemuua mzee siku ambayo haikuwapo!"

"Usicheke."

"Basi, basi. Lakini ni kosa tu, jamani. Kosa la mtu ambaye hakusikia tangazo. Nenda ukawaeleze."

"Siwezi kuwaeleza."

"Kwa nini?"

Hapo ndugu zangu ndipo ningesema. Alikuwa mbele yangu, peke yetu, mlango umefungwa. Ningemwambia: sikuwa nachonga mihuri ya vitambaa, nilikuwa nachonga kifo cha mtu aliye hai, na yeyote atakayeuliza kwa nini sikusikia tangazo atafika huko huko. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Nimewahi kuyasema mara elfu tangu siku ile, kitandani, njiani, mpaka kwa ng'ombe wa watu. Siku ile niliuogopa uso wake kuliko nilivyoogopa shoka.

"Mambo ya kazi," nikasema, nikanyakua kofia.

"Veit!"

Nilikuwa nimeshatoka.

Njia yote theluji ilikuwa imeyeyuka ikawa uji, na mimi nakimbia na viatu vya ndani. Kuaga kulikuwa saa sita mchana, kwenye kanisa dogo la ikulu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikifika kabla vifuko havijafunguliwa, nitamwambia Drude, atavirudisha, tutayeyusha kila kitu, nitachonga upya. Ikishindikana, mkono wangu sina.

Nilimkuta Drude mlango wa pembeni, amevaa joho jeusi jipya, anapokea pongezi. Nikamvuta mkono.

"Si nilikwambia ukalale?"

"Vifuko viko wapi?"

"Vimegawiwa. Wakubwa taleri nzima, wadogo nusu, watumishi robo. Wanakusifu, Veit. Hata pua wameisifu."

"Umesoma tarehe?"

"Tarehe ya nini?"

Nikamnong'oneza. Nilimwona akibadilika rangi mara tatu.

"Nani alikwambia kumi na tisa?"

"Jana yake ilikuwa kumi na nane!"

"Ilikuwa kumi na nane, ndiyo! Halafu ikawa moja! Nchi nzima inajua, ngedere wewe!"

"Ulinifungia mlango! Ningejuaje? Na wewe ulikagua nini?"

"Nilikagua pua!"

Tukabaki tunahema. Ndani walikuwa wanaimba zaburi. Drude akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya divai.

"Sikiliza. Kosa ni lako, siri ni yetu. Ukitaja hizo Jumapili, hata moja, wataanza kuuliza ulikuwa wapi. Nitasema sikujui, na aliye juu yangu atasema hanijui. Atakayebaki kwenye gogo la kukatia ni wewe peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa ingia, simama nyuma, omba Mungu watu wetu wawe hawajui Kilatini."

Mungu hakutusikiliza, au alikuwa na kazi nyingine. Katika kanisa lile alikuwepo mtu mmoja anayesoma Kilatini kama anavyosoma bei za sokoni, naye ni Mchungaji Quensel. Alikuwa amekaa mbele, karibu na jeneza, ubavuni mwa mjane, Mama Mtawala. Zaburi ilipokwisha nikamwona anaigeuza sarafu yake, anaileta karibu na jicho, anaipeleka mbali, anairudisha.

Akamwinamia Mama Mtawala. Mama alikuwa mzito wa masikio, kwa hiyo mchungaji aliyetaka kunong'ona akasikika mpaka kwenye kengele.

"Mama, hapa pana kosa!"

"Kosa gani?"

"Imeandikwa Mtawala alifariki tarehe kumi na tisa Februari!"

"Ndiyo, Jumatatu."

"Mama, mwaka huu hatukuwa na tarehe kumi na tisa Februari! Ilifutwa!"

Mikono yote ikaingia kwenye vifuko. Hata wasiojua kusoma walitoa sarafu zao na kuzikodolea. Nilitafuta mlango kwa kisigino, nikagusa buti la mlinzi.

Mama Mtawala hakuwa amelia tangu Jumatatu, ndivyo walivyosema watu wa ndani. Aliisogeza taleri machoni, akapitisha kidole juu ya maandishi. Kisha akaibusu, na machozi yakamtoka.

"Aliniapia hafi kwa kalenda ya Papa," akasema, kwa sauti ile kubwa ya wasiosikia vizuri. "Nilidhani wamemshinda akiwa hoi kitandani. Kumbe yupo mtu mmoja katika nchi hii aliyemheshimu. Nani kaichonga?"

Nilihisi kiganja cha Drude mgongoni. Alinisukuma mbele ya watu kama anavyosukumwa mbuzi kwenye mashua.

"Huyu hapa, Mama. Fundi Ansorge."

Nikajikuta kati ya jeneza na Mrithi. Leberecht alikuwa kijana mwembamba, na pua yake, niseme ukweli, ilikuwa ile ile ya mjomba. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema. "Nitakuuliza jambo moja tu. Uliandika hivi kwa makusudi, au ulikosea?"

Akili yangu ilikimbia huku na huku. Nikisema nimekosea, swali la pili ni kwa nini, na la tatu ni Jumapili ulikuwa wapi. Nikisema makusudi, nimempinga Mtawala mpya siku ya nne ya utawala wake, mbele ya maiti na mbele ya baraza zima. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya Drude: "Makusudi, makusudi, mjinga wewe."

"Kwa makusudi, Mtukufu."

Wazee wa baraza wakakohoa. Wengine wakagonga sakafu kwa fimbo zao, mara moja, kwa adabu, kuonyesha wako na mimi. Mama Mtawala akaniinulia sarafu kama mtu anayemnyooshea mwenzake glasi.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Mrithi, nikaona kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mabega yake yalishuka. Alikuwa anaogopa jibu lile lile nililokuwa naogopa mimi, la kukosea.

"Amri yangu ya kwanza," akasema, "na fundi wangu anaipinga kwa fedha yangu mwenyewe. Unazipenda sana hizo siku kumi na moja?"

"Nazipenda, Mtukufu."

"Basi utakaa nazo zote. Gerezani, chini ya mnara. Siku kumi na moja kamili, kisha urudi kazini."

Kicheko kikapita kanisani, kile cha msibani, kinachotokea nyuma ya leso. Kilinipita vizuri sana. Siku kumi na moja! Mkono wangu uko mahali pake, na vidole vyake vitano! Nilitaka kuwabusu wote, Mrithi, mchungaji, mpaka mlinzi aliyekuwa ananishika kwapa. Miaka yangu yote ya balaa sikuwahi kuhukumiwa kwa upole namna ile.

"Twende, shujaa," mlinzi akaniambia kwa utani.

Tulikuwa tumepiga hatua tatu.

"Mtukufu, si kweli!"

Sauti ilitoka upande wa wanawake, kule nyuma. Niliijua kabla sijageuka. Sibylla alikuwa amenifuata na nguo ya msiba ambayo haijakauka, inadondosha matone meusi sakafuni, mikono myeusi, masharubu yale bado hayajafutika.

"Nyamaza, Sibylla!"

"Sinyamazi! Chini ya mnara kuna maji mpaka magotini, na wewe umebaki mifupa. Utatoka humo maiti!" Akaja mpaka mbele, akapiga magoti. "Mtukufu, nakuomba. Si makusudi hata chembe. Mume wangu hajampinga mtu maishani mwake, hata mimi hanipingi. Ni kosa tu!"

"Mwanamke, fundi ameshajibu," Mrithi alisema upesi. "Mpelekeni."

"Hakulisikia tangazo, Mtukufu! Jumapili zote tatu hakuwepo kanisani. Alifungiwa karakanani, anachonga, mlango umefungwa kwa nje! Muulizeni bawabu, ndiye aliyekuwa anapokea kikapu changu!"

Kisha akanigeukia akatabasamu, kwa sababu aliamini ameniokoa.

Nyuma yangu Drude alikuwa ameacha kupumua. Mrithi alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Mimi nilimwomba Mungu jambo dogo tu, kwamba Mama Mtawala awe hakusikia.

Na kweli hakusikia.

"Anasema nini huyu binti?" akauliza.

Mchungaji Quensel, mtu mwema, asiye na hila hata ya kukosea njia, akamwinamia tena sikioni.

"Anasema fundi alifungiwa karakanani, Mama! Wiki tatu! Anachonga!"

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu, Mama!"

 Nikaona midomo ya Mama Mtawala inacheza, anarudi nyuma Jumapili moja, ya pili, ya tatu. Alipofika alikokuwa anakwenda, akashika ukingo wa jeneza, akasimama mwenyewe. Mchungaji alitaka kumsaidia, akamsukuma mkono.

"Wiki tatu zilizopita," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, "mume wangu alikuwa anakula supu kwa mkono wake. Alikuwa ananicheka jinsi ninavyoipika."

Akanijia hatua kwa hatua, taleri mkononi, akaja kusimama karibu kiasi kwamba niliuona uso wa mzee niliouchonga mimi.

"Fundi, ulikuwa umefungiwa unachonga nini?"

Niligeuka upande wa Sibylla. Bado alikuwa amepiga magoti, na tabasamu lilikuwa limemtoka. Alikuwa ananitazama, naye anasubiri jibu.